Niliyoyaacha ili niruke, na niliyokataa kuyaacha

Mtu akijua kwamba ninarusha ndege kwa kupenda tu, bila kulipwa na yeyote, swali lake la kwanza huwa ni moja: pesa unatoa wapi? Haniulizi kama ninaogopa, wala huko juu kukoje. Ni pesa. Na ana haki ya kuuliza, kwa sababu mimi si tajiri. Nimeajiriwa kutunza hesabu, mshahara wangu ni wa kawaida, nina mume na watoto wawili, na saa moja ya ndege ndogo ya kukodi inameza kiasi ambacho nyumba nyingi zingekila kwa siku kadhaa.

Jibu fupi ni kwamba inatoka pengi, kidogo kidogo, na kila inapotoka hubaki pengo. Jibu refu ndilo hili. Namwandikia yule aliyekaa usiku huu na karatasi na kalamu, anajumlisha na kutoa, anajiuliza kama inawezekana. Inawezekana. Ila nataka ajue mapema jambo ambalo mimi nilikuja kulielewa taratibu sana: kujinyima kwenyewe si sifa. Kuna kujinyima kunakokufikisha angani, na kuna kujinyima kunakokuondolea uwezo wa kusema "leo siruki." Rubani asiyeweza kutamka maneno hayo mawili ni wa hatari, hata awe na mikono mizuri namna gani. Tangu nilipolitambua hilo, kila ninachofikiria kukiacha kwa ajili ya ndege nakipima hapo kwanza.

Tuanze na hesabu. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, vinamtaka anayesomea leseni ya rubani binafsi awe na saa za kuruka zisizopungua 40, au 35 akiwa katika mafunzo yaliyoidhinishwa. Ndani yake ziwemo saa 10 akiwa peke yake, pamoja na safari moja isiyopungua kilomita 270, yenye kutua na kusimama kabisa katika viwanja viwili tofauti. Nchi nyingi za Ulaya zinataka 45. Hicho ni kima cha chini. Sisi tunaosoma huku tunafanya kazi, wengi tunapita 60 kabla mtahini hajaketi kando yetu, na anayeweka bajeti ya saa 40 anajiandalia kuishiwa njiani.

Kila saa ina mafuta yake. Cessna 172, ndege ambayo utaikuta karibu kila mahali watu wanapojifunzia, inachoma lita 30 na ushei kwa saa, na mafuta yenyewe si yale ya kituo cha magari. Ni petroli ya ndege, iliyotiwa madini ya risasi, inayotengenezwa kwa kiasi kidogo na kuuzwa ghali. Kisha kuna injini. Watengenezaji wengi hupendekeza ifumuliwe na kujengwa upya ikikaribia saa 2000, kwa hiyo kila saa unayoruka inadaiwa mchango wake wa siku hiyo, hata kama ni ya mbali. Kuna ukaguzi wa kila mwaka, na ndege nyingi za kufundishia hukaguliwa tena kila baada ya saa 100. Kuna bima, maegesho, ada za kutua, na mkufunzi ambaye naye ana watoto wa kulisha. Halafu kuna umri. Ndege hiyo iliruka mara ya kwanza mwaka 1955, zimeundwa zaidi ya 44,000, na kiwanda kilisimamisha uundaji mwaka 1986 kwa takriban miaka kumi. Ndiyo maana nyingi tunazofundishiwa zilianza kuruka kabla wanafunzi wake hawajazaliwa. Zikitunzwa vizuri ni salama, lakini kutunza vizuri ni kazi ya fundi, na fundi wa ndege habembelezwi bei.

Niliacha kwanza vile visivyouma. Gari niliuza nikarudi kupanda basi. Simu nilikaa nayo mpaka ikawa inazimika yenyewe. Likizo za mbali, nguo za mitoko, vyombo vipya, vyote vikaisha bila matanga. Watu husimulia mambo haya kana kwamba ndiyo ushujaa wenyewe. Mimi nimeona ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote: baada ya miezi michache husikii tena kama kuna kitu kimekosekana. Na akiba yake ni ndogo kuliko unavyotarajia. Ukiacha kununua vitu vidogo unapata mafuta ya ndege ya kuruka kidogo, lakini huwezi kuinunua leseni kwa kuacha vitu vidogo.

Pesa yenyewe hasa ilitoka kwenye kazi ya pili. Mchana nilikuwa ofisini, jioni nikifundisha tuisheni ya hisabati nyumbani kwa watu. Jioni kadhaa za aljebra na pembetatu zilinunua saa moja angani, na uwiano huo nilikuwa naujua kwa moyo. Ulinisaidia. Sikwenda uwanjani hata siku moja bila kuwa nimelisoma somo la siku hiyo. Usiku nilikaa kwenye kiti cha kulia chakula, macho nimefumba, mkono mmoja kwenye usukani usiokuwepo na mwingine kwenye mkono wa nguvu za injini, nikitamka hatua zote za mzunguko wa kuruka na kutua mpaka zikawa zinakuja zenyewe. Watoto walizoea. Kila kilichoingia kichwani nikiwa kwenye kiti kile sikukilipia mafuta.

Lakini ni katika uwiano huohuo nilipoiona hatari mara ya kwanza. Ndege nyingi za kukodi zina mita inayoanza kuhesabu pale injini inapowaka. Umesimama chini, hujasogea, unasoma orodha ya ukaguzi, na mita inatembea. Mtu anayejua kila dakika imetoka jioni ipi anasikia vidole vyake vikitaka kuharakisha. Mkufunzi wangu, mama mmoja mpole aliyefundisha kwa muda mrefu, aliona macho yangu yanakwenda kwenye mita. Akaweka kiganja chake juu yake.

"Hii isikukimbize," akasema. "Dakika za hapa chini ndizo za bei nafuu kuliko zote utakazonunua maishani. Soma tena, taratibu."

Nikasoma tena. Na tangu siku hiyo, nikipanga pesa za saa moja ya kuruka, naweka pembeni pia pesa za dakika za kusimama chini. Hizo nimeshazihesabu kuwa zimekwenda. Sizidai.

Kuna ushauri mmoja wa pesa ninaoutoa kwa kila anayeniuliza, nao ni kinyume na silika ya mtu asiye na uwezo mkubwa. Silika inasema: ruka mara moja kwa mwezi, kadiri unavyopata. Hapana. Kuruka kunasahaulika upesi, hasa mwanzoni. Mwanafunzi anayekuja mara moja kwa mwezi hutumia nusu ya somo kurudisha alichokuwa nacho mwezi uliopita, na mwisho hulipia saa nyingi zaidi kwa leseni ileile. Bora ukae chini mwaka mzima, miaka miwili ikibidi, unakusanya, kisha uanze na kuruka mara mbili tatu kwa wiki mpaka mwisho. Kusubiri huko ni kujinyima kugumu kuliko kuuza gari. Unasikia ndege zikipita juu ya paa nawe una pesa ya saa kadhaa benki, na huigusi. Ila siku ukianza, huendi uwanjani ukiwa na hofu kwamba somo likiharibika kwa hali ya hewa umekwama.

Katika jioni za tuisheni niliwafikiria sana wanawake wawili. Wa kwanza ni Bessie Coleman. Alikuwa akitengeneza kucha za wateja katika saluni ya wanaume huko Chicago, na shule za urubani za Marekani hazikumtaka, kwa sababu ni mwanamke na kwa sababu ni Mweusi. Akaweka akiba, akajifunza Kifaransa, akavuka bahari kwenda Ufaransa mwaka 1920, na tarehe 15 Juni 1921 akapata leseni yake ya kimataifa. Kwake kukosa pesa kulikuwa kikwazo kimoja tu kati ya vingi, na wala si kile kikubwa. Nikichoka nilikuwa najiuliza: mimi nimenyimwa nini hasa?

Wa pili ni Amy Johnson. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mawakili London, mshahara wa ukarani, na alijifunza katika klabu ya ndege mwishoni mwa miaka ya 1920. Ninachompendea si safari yake ya kwenda Australia peke yake mwaka 1930, ingawa ndiyo iliyompa jina. Ni kwamba kabla ya hapo alitumia muda wake kwenye karakana, mikono ndani ya mafuta machafu, hadi akapata leseni ya ufundi wa ndege. Hakuwa na pesa ya kutosha kulipia kila kitu, akalipia kwa mikono. Na ilipofika wakati wa kununua ndege ya safari ile, iliyokuwa ya mtumba, pesa zilitoka kwa baba yake na kwa mfadhili mmoja, Lord Wakefield.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu hadithi hizi husimuliwa kana kwamba aliyeruka alijilipia peke yake. Louis Blériot, Mfaransa aliyevuka kwa ndege mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza tarehe 25 Julai 1909, alikuwa ameteketeza kwenye ndege faida ya biashara yake ya taa za magari, na pamoja nayo mali ambayo mkewe Alice alikuja nayo katika ndoa. Jina kwenye ndege lilikuwa moja. Nikiwa mke na mama, siwezi kuisoma habari hiyo bila kumfikiria Alice. Kila anayejinyima ili aruke anawanyima na wengine pia, na hao hawakuchagua. Wasipoulizwa kwa sauti, watakuwa wanalipa deni wasilolijua.

Mimi nilimuuliza mume wangu kabla sijalipa chochote. Nilimwekea hesabu yote mezani. Akaisoma, akaisukuma kando.

"Pesa sina neno nayo, mama watoto. Ni yako, umeitolea jasho. Niambie siku."

"Siku gani?"

"Siku zetu. Jioni unafundisha. Jumamosi utakuwa uwanjani. Sisi tutakupata lini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali zito kuliko hilo kuhusu kuruka. Kwa sababu ndege ndogo haili saa uliyoikodi tu. Umepanga saa tatu asubuhi, ukungu haujainuka. Unasubiri. Saa nne mawingu yamepanda kidogo, lakini upepo wa kukata njia, ule unaovuma kutoka ubavuni mwa njia ya kurukia, umezidi uwezo wa mwanafunzi. Saa sita upepo umetulia, ndege imechukuliwa na mwenye zamu. Umeondoka nyumbani alfajiri, unarudi alasiri, hujaruka hata dakika moja, na watoto wamekaa siku nzima wakikungoja. Kwa mtu wa pembeni umepoteza siku. Kwa rubani umefanya kazi ya urubani. Lakini hata ukiiita kwa jina gani, siku hiyo imetoka kwa watu wako.

Tukakubaliana hivi. Jumamosi asubuhi ni yangu, niruke nisiruke. Ikifika saa sita mchana nikiwa bado nasubiri, naacha kusubiri. Jumapili haiguswi, hata anga iwe safi kama maji ya mtungini. Na kuna kifungu ambacho mume wangu ndiye aliyekileta, nami nakishukuru mpaka leo: saa sita ni saa ya kuacha kusubiri, si saa ya kufika nyumbani. Nikiwa nimeruka, nikatua kwenye uwanja mwingine kwa sababu mawingu yameshuka, hakuna atakayenipigia simu kuuliza kwa nini nimechelewa, wala atakayenuna, hata nikilala huko. Sherehe ya mtoto, mgeni, chochote kile, kitasubiri.

Mtu asiyeruka anaweza asione uzito wa jambo hilo. Rubani wa leseni ya kawaida anaruka kwa kuona nje. Akiingia ndani ya wingu bila mafunzo na sifa ya kuruka kwa kutegemea vyombo, masikio na mwili vinamdanganya kuhusu juu na chini, na ajali za namna hiyo ni miongoni mwa zile zinazoua karibu wote waliomo. Wengi wanaoingia humo hawakosi elimu. Wanajua. Kinachowasukuma ni ule ugonjwa wa "lazima nifike": kuna mtu anangoja, kuna pesa imelipwa, kuna kazi kesho asubuhi. Familia inayokungoja kwa hasira ni mzigo ndani ya ndege. Sheria ya mume wangu iliushusha mzigo huo kabla sijawasha injini.

Kwa sababu hiyohiyo nawaambia vijana wasikopee kuruka kwa starehe. Nilisoma na kijana mmoja mwenye kipaji kunizidi, aliyechukua mkopo ili amalize upesi. Kipaji chake kilikuwa cha kweli, alitua vizuri tangu mapema. Lakini kila somo lililoahirishwa lilimsogezea tarehe ya kumaliza, na marejesho hayakusogea. Nilimwona asubuhi moja akibishana na mkufunzi kuhusu mawingu. Mkufunzi anasema hapana, kijana anaonyesha simu, anaonyesha utabiri, anasema yanapanda, yanapanda. Hakuwa mkaidi. Alikuwa anadaiwa. Mkufunzi alishinda siku hiyo, na wiki chache baadaye kijana akaacha, akabaki na deni bila leseni. Namwombea arudi siku moja na pesa yake mwenyewe.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini hakuna aliyesema avunjike mgongo.

Kuna jambo jingine ambalo marubani hulitoa kafara na halizungumzwi inavyopaswa: afya. Ili uruke unahitaji cheti cha daktari wa urubani, na kinaweza kusimamishwa. Matokeo yake wapo watu, tena wengi kuliko tunavyokiri, wanaoacha kwenda hospitali kwa hofu ya kitakachoandikwa. Kifua kinabana, wanakaa kimya. Usingizi umekata, huzuni imewakalia kwa miezi, wanakaa kimya. Rafiki yangu mmoja alikuwa hivyo. Alikuwa ameshatoa vitu vingi sana kwa ajili ya leseni ile, akaona hawezi kuihatarisha kwa kumwambia daktari kwamba halali. Mwishowe mkewe alimpeleka. Cheti kilisimamishwa, akatibiwa, akakaa chini kwa muda mrefu, kisha akaruhusiwa kurudi. Mamlaka kadhaa za anga siku hizi zina njia za kumrudisha rubani aliyetibiwa na anayefuatiliwa. Lakini hata zisingekuwapo, ningesema vilevile. Afya si mali ya kuweka rehani kwa ajili ya starehe, na rubani anayeficha ugonjwa amewapandisha abiria wake katika siri yake bila kuwauliza.

Baada ya kupata leseni, wengi hushangaa kwamba gharama haziishi. Mahali pengi, ukitaka kubeba abiria lazima uwe umepaa na kutua angalau mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita. Ni sharti dogo la kisheria, na kwa usalama halitoshi. Mikono inapoa kabla ya siku hizo. Leseni ya rubani binafsi haikuruhusu kubeba watu kwa malipo. Nchi nyingi zinaruhusu kugawana gharama za safari na uliowabeba; Marekani, kwa mfano, inamtaka rubani alipe fungu lisilopungua la kila mmoja wao. Hiyo imenisaidia. Ukiruka na rubani mwenzio, yeye kwenda na wewe kurudi, mfuko unapata nafuu nawe unajifunza kwa kumtazama. Wapo wanaovuka mstari, wanabeba watu kwa nauli ya kificho ili ndege ijilipe. Abiria aliyelipa nauli anataka kufika. Umenunua tena "lazima nifike," safari hii kwa pesa za mtu mwingine.

Njia za bei nafuu zipo, na zote zinalipwa kwa kitu fulani. Ndege nyepesi zenye injini za Rotax 912 hunywa karibu nusu ya mafuta ya ile Cessna, na nyingi zinakubali petroli ya magari. Unalipa kwa nafasi na uzito, watu wawili na begi dogo basi. Glaida, ndege zisizo na injini, ni nafuu zaidi kwa sababu klabu zake nyingi huendeshwa na wanachama kwa kujitolea. Hapo unalipa kwa mwili. Unafika asubuhi kutoa ndege bandani, unashika ncha ya bawa, unavuta waya wa winchi, ile mashine ya chini inayoivuta glaida mpaka ipae, unaandika muda wa kila mmoja, unarudisha ndege bandani jua likizama, na katika siku hiyo nzima pengine umeruka mara mbili fupi. Kwa asiye na familia ndogo ni ofa nzuri kupita zote ninazozijua, na inafundisha kuruka hasa, maana hakuna injini ya kukuokoa ukikosea kukadiria kutua.

Halafu wapo wanaojenga. Hawa nawaheshimu kuliko nilivyoweza kuwaambia. Ndege za kujiundia ni jambo kubwa duniani; nchini Marekani sheria inamtaka mjenzi mwenyewe awe amefanya zaidi ya nusu ya kazi, na hata kwa vifaa vilivyokatwa tayari kiwandani kazi hiyo hufikia saa elfu moja na zaidi, kwa wengi elfu mbili. Ninawajua mume na mke waliojenga ndege yao ya viti viwili kwenye banda la nyuma ya nyumba. Walinunua mkia kwanza, kwa sababu ndiyo pesa waliyokuwa nayo. Ulipokamilika wakanunua mabawa. Mwaka wa fedha kidogo walipiga ribiti chache tu, vile vipini vya kuunganisha mabati, na kufunga banda. Mama yule aliniambia kwamba watoto wao walijifunza kuhesabu kwa ribiti, na kwamba mkubwa alipokwenda chuo, injini ilikuwa bado haijanunuliwa.

Nilimuuliza, "Hamkuwahi kutaka kuuza yote mkanunue iliyokwisha kujengwa?"

"Mwanangu," akasema, "tulikuwa na jioni. Pesa hatukuwa nayo. Tukatumia tulichokuwa nacho."

Halafu akanieleza jambo ambalo lilinigusa kuliko ndege yenyewe. Walikuwa na ahadi kwamba yeyote kati yao anaweza kusema "leo hapana" bila kutoa sababu, na mwingine anaweka zana chini. Hata kama ribiti mbili tu zimebaki. Ndege iliporuka mara ya kwanza ilikuwa imeahirishwa mara kadhaa kwa maneno hayohayo. Miaka yote ile ya kujinyima, na bado waliweza kuahirisha kwa sababu upepo haukumpendeza mmoja wao. Sijaona mfano bora wa ninachojaribu kukisema.

Mimi mwenyewe, baada ya kukodi kwa muda, niliingia ubia: watu kadhaa, ndege moja ya zamani, kila mmoja na hisa, mchango wa kila mwezi, na malipo ya kila saa. Ubia unafundisha kujinyima kwa adabu. Unanyimwa ndege siku nzuri kwa sababu ni zamu ya mwenzio. Unakaa kwenye mikutano ya kujadili matairi. Na unajifunza haraka ni nani wa kukaa naye: yule anayesema "hilo la breki lisubiri mwezi ujao" simwamini, hata akiwa ndiye anayelipa kwa wakati. Tulikubaliana mapema kwamba fundi akisema ndege isiruke, hairuki, na hatupigi kura.

Sasa injini yetu inakaribia kufumuliwa. Mfuko tuliokuwa tukiuchangia unatosha sehemu kubwa, si yote, na kila mwenye hisa ametakiwa kuongeza. Mwaka huu huohuo binti yetu anaanza masomo ya juu. Nimeipitia hesabu kwa njia zote ninazozijua, na kutunza hesabu ndiyo kazi yangu. Ningeweza kulipa. Ningelipa kwa kuongeza jioni za tuisheni, kwa kugusa akiba ya dharura, na kwa kumwambia mume wangu asubuhi nyingine zaidi si zetu. Nikajiuliza swali langu la siku zote: nikishalipa hivyo, nitaweza kughairi safari kwa moyo mweupe? Nikajua siwezi. Kila Jumamosi ya mawingu ningekuwa nayabishia mawingu kama yule kijana.

Nimeuza hisa yangu kwa mwanamke mmoja aliyepata leseni majuzi. Nilimpeleka kuiona ndege, nikamwonyesha daftari la matengenezo tangu ukurasa wa kwanza, nikamwambia ni nani katika ubia wa kumsikiliza. Mwezi ujao naanza kwenye klabu ya glaida, asubuhi za Jumamosi kwa mpango uleule wa saa sita, nao wamekubali niwe nafanya zamu za kuandika muda na kutoa ndege bandani. Mume wangu ameuliza kama watoto wanaweza kuja kushika ncha za mabawa. Nimewauliza klabu, wamesema waje, wavae kofia na viatu vya kufunika.